Pivo Asiyeruka

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba, baba alikufa na nyumba ikaenda naye. Baba alikuwa mtu wa reli, na nyumba ya kambi ni ya kazi, si ya mtu. Matanga yalipoisha shefu, mkuu wa kambi, alikuja na maneno ya pole mazuri sana, kisha akaomba funguo. Mama, dada zangu wawili na mimi tukahamia kwa mjomba, jikoni kwake. Ndiyo, jikoni. Asubuhi mke wa mjomba alisonga bukari, ugali wetu, juu ya vichwa vyetu.

Shule nilikuwa nimeiacha zamani, tuliachana bila machozi. Mungu alinipa kitu kimoja: urefu. Kila mlango wa Lubumbashi ulilijua paji langu la uso. Nilibeba mizigo stesheni, samaki wakavu na magunia ya unga, na jioni nilicheza basketi katika uwanja wa saruji wa mapadri.

Siku moja watu wa komite ya klabu ya kampuni ya shaba walikuja kutafuta pivo, yaani yule mrefu wa kulinda chini ya panie, ile pete ya chuma ya kufungia. Mji mzima ulijua pivo anapata nini: anaandikwa kazi katika atelie ya mafundi ambako hatagusa nyundo, anapewa posho ya unga, anapewa nyumba ya kambi. Niliposikia nyumba, mengine sikuyasikia tena.

Nafasi ilikuwa moja, na warefu tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka Sakania. Alinizidi urefu, na aliruka kama mtu aliyekanyaga makaa. Adui akitupa mpira, yeye anapiga kontre, anauzuia hewani kwa kofi, paa! mpaka nje ya ukuta, kwa wamama wanaouza nyanya barabarani. Watu walikufa kwa furaha. Wamama wa nyanya hawakuulizwa. Wala hakuna aliyeuliza mpira ukitoka nje unakuwa wa nani. Ni wa adui, bwana! Unarudishwa na mama mwenye hasira, adui wanauingiza upya, mrefu wetu angali anapungia watu mkono, wao wanafunga. Na watu bado wanasimuliana: uliona ile kontre?

Mimi kulinda nilijifunza stesheni. Mwizi anakuja mmoja, anachezea kamba ya gunia. Ukimkimbilia umekwisha, maana ndugu yake alikuwa nyuma ya behewa, na gunia limekwenda. Basi unakaa kwenye mzigo. Unanyoosha mikono, unamtazama. Anaondoka mwenyewe kutafuta mjinga mwingine. Chini ya panie nilifanya hivyohivyo, sikuwa na elimu nyingine.

Komite ikaweka mechi ya kutupima: mwenzangu kipindi cha kwanza, mimi cha pili. Adui walikuwa vijana wa soko, wengi watoto wa wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Maniema, wafupi, wenye mbio na mdomo. Kwanza tuliimba na kucheza ngoma za chama tawala, maana wakati ule hata mpira haukudunda bila kushukuru chama. Mbele, kitini, alikaa mkubwa wa komite ndani ya abakosti, lile koti la wakubwa wa chama, lililombana shingo. Maishani mwake hakucheza mchezo wowote isipokuwa huo wa kuchagua watu.

Mwenzangu alifanya maajabu. Nyanya nyingi zilikufa. Lakini kijana wao mdogo aliyeongoza mpira alipata dawa yake mapema: anadanganya kutupa, mrefu anapanda mbinguni, mdogo anamngoja apite, kisha anaweka mpira polepole kama yai. Tulipumzika tukiwa nyuma sana. Mkubwa akasimama kumpa mwenzangu mkono, akawageukia wananchi wenzake wa komite.

"Sitwayen, njo namna hii! Ule muntu iko ukuta!"

Ukuta wenye mlango wazi. Lakini mimi nani?

Kipindi cha pili nikaingia. Mdogo akaja na mbio, akadanganya. Sikuruka. Akadanganya tena.

"Yaya, kaka mukubwa, ruka basi! Ama balikupiga misumari chini?"

"Ingia weye, utaona."

Hakuingia. Alirudisha mpira kwa wenzake, wakatupa kutoka mbali, ukagonga chuma, tukaokota sisi. Ikawa hivyo tena na tena, mpaka tukawafikia. Hapo watu wetu wenyewe wakaanza kunizomea.

"Ule murefu iko nafanya nini pale?"

"Muache, iko nangoja treni!"

Na mkubwa kutoka kitini: "Weye! Gusa mupira! Tutakuandika kazi juu ya kusimama?"

Mwishoni tuliongoza kwa panie moja. Mdogo akaja kwangu mara ya mwisho, akainua mpira karibu na mkono wangu, kama mtu anayeleta zawadi. Nilijua kabisa: nikiupiga mpaka kwa wamama wa nyanya, hata tukifungwa, nyumba ni yangu, na mama anatoka jikoni. "Ruka, bwana, ruka!" mkubwa alipiga kelele. Lakini nyuma yangu nilisikia viatu vya mwenzake akinyemelea. Nikabaki chini. Mdogo akakosa pa kupita, akakosa wa kumpa, akakumbatia mpira mpaka filimbi ikalia. Tulishinda.

Walibebwa waliofunga. Mimi mkubwa aliniita pembeni.

"Kijana, haukugusa mupira hata kidogo. Pivo bila kontre iko ya nini?"

"Papa, balifunga chini ya panie wakati niko pale?"

"Balichoka tu."

Walichoka! Watoto wale wangekimbia mpaka Kambove na kurudi wakiimba.

Nyumba akapewa mwenzangu, ya matofali, bomba uani. Aliishi humo vizuri, akala unga wake miaka mingi, na sitadanganya kwamba nilifurahi. Nilimwambia mama. Alisogeza sufuria za watu, akatandika mkeka.

Kesho yake yule mdogo wa soko alikuja stesheni na baba yake, mzee wa kofia nyeupe aliyenunua samaki kule Pweto, ziwani.

"Njo huyu?" mzee akauliza.

"Njo yeye, baba. Alitukatalia kuingia."

"Lakini banasema iko nasimama tu."

"Njo ubaya yenyewe. Uende uingie weye, baba, tuone."

Mzee akacheka mpaka akashika kofia. Alitaka mtu wa kukaa juu ya mzigo wake kutoka Pweto, asiyemkimbilia kila anayetupa jiwe. Nikamwambia nakuja, lakini na mama yangu na dada zangu, na si jikoni kwa mtu. Alinitazama sana. Akatupa chumba nyuma ya depo, ghala lake, kinachonuka samaki mpaka kwenye dari. Mama aliingia, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

"Hapa hakuna muntu atapika juu yangu," akasema. Tulihamia siku ileile.

Basketi sikuicheza tena. Niliinuka na samaki, mwanzo wa mzee, kisha wangu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, karatasi kwa jina langu. Nyumba ya pili, wanakaa dada zangu. Depo mbili. Lori moja linalotembea na moja lisilotembea. Mashine ya kusaga mahindi. Shamba barabara ya Kasenga. Mbuzi.