Mlio wa Saa Kumi na Mbili

Chuo kilipotangaza kwamba huduma ya kuingia mtandaoni kwa simu ya nyumbani itafungwa mwisho wa mwezi, wafanyakazi wengi hawakujali. Walishapata njia nyingine zenye kasi. Aliyeumia alikuwa mtu mmoja tu, fundi aliyeitunza huduma ile miaka kumi na minne mpaka watu wakambatiza jina la Laini. Hata mkewe alimwita Laini akitaka kumchokoza.

Basi mjue kazi yenyewe ilivyokuwa. Chumba cha dirisha moja, rafu ya chuma, na juu yake modemu kumi na sita, kila moja na vitaa vyake vyekundu. Mhadhiri akiwa nyumbani, au safarini kwenye nyumba ya wageni, anachomeka waya wa simu kwenye kompyuta, kompyuta inapiga namba ya chuo, modemu inapokea kwa makelele yake yale, mashine zinasalimiana, mtu anasoma barua zake. Ikigoma, anampigia Laini. Na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, maana nyumba ina laini moja ya simu. Ukiongea na fundi huwezi kujaribu mtandao, ukijaribu mtandao huwezi kuongea na fundi. Ikabidi Laini afundishe kwa vipande. "Andika ninachokwambia, profesa. Umeandika? Haya, kata simu, ujaribu, ikikataa nipigie." Profesa mmoja wa hesabu alimpigia mara kumi na moja, na hiyo ya kumi na moja ndipo akakumbuka kwamba kompyuta hajaiwasha. Laini akampongeza. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kumeza maneno.

Alijiapiza kwamba hakuna atakayeachwa nyuma, kwa sababu ambaye hajahamishwa siku ya kufunga angepoteza barua zake zote. Akawatafuta mmoja mmoja, akawahamisha, mpaka kwenye orodha ikabaki namba moja. Ilikuwa ya nyumba ya mwalimu wa historia aliyefariki mwaka uliopita. Ajabu ni kwamba namba hiyo ilipiga kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili jioni, dakika moja isiyotimia, kisha inakatika bila mtu kuingia.

Kumbe mjane kasahau neno la siri, Laini akawaza, na roho ikamuuma. Mwaka mzima mama wa watu anahangaika peke yake! Akampigia papo hapo.

"Shikamoo, mama. Mimi ni fundi wa chuo. Naona kila jioni unajaribu kuingia, inakukatalia."

"Marahaba, baba," mama akajibu, kisha akasita. "Eh... ndiyo."

"Wala usijali. Andika ninachokwambia, halafu kata, ujaribu, unipigie."

Mama akaandika kila kitu. Akakata. Hakumpigia Laini tena. Saa kumi na mbili ile namba ikaingia, dakika moja, ikakatika. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Siku ya nne Laini akabeba mkoba wake akaenda mwenyewe.

Mama alimkaribisha vizuri, akamwekea chai. Laini alipoomba kuonyeshwa kompyuta, mama akainuka, akakaa, akainuka tena. Akampeleka chumba cha nyuma. Meza ilikuwapo, na kiti chenye mto uliobonyea. Kompyuta hakuna. Mezani palibaki mraba wa rangi mpya, pale ambapo jua halikufika miaka yote, na kando yake simu ya kawaida juu ya kitambaa cha kufuma.

"Binti yangu aliichukua siku nyingi," mama akasema.

"Sasa mama, mtandaoni unaingiaje?"

"Siingii." Akacheka kwa haya, halafu machozi yakamlengalenga. "Utasema nimerukwa na akili. Mwalimu hakuwa mtu wa kubisha hodi wala kusema nimerudi. Anapita mlango wa nyuma, anakaa hapo, anapiga chuo. Mimi niko jikoni, nasikia yale makelele, najua mume wangu yuko ndani. Miaka tisa, baba. Sasa ikifika jioni nainua simu, napiga ile namba, nasikiliza mpaka ikate. Basi. Nikishasikia naweza kupika."

Laini akatazama chini. Yeye na ufundi wake wote, amekuja kumfundisha neno la siri mwanamke anayemsikiliza mumewe.

"Na Ijumaa mnafunga," mama akasema. "Barua yenu niliisoma. Nikaona aibu kuuliza kama haiwezekani iachwe."

Kesho yake asubuhi Laini alikuwa mlangoni kwa mkuu wa kitengo, anaomba modemu moja tu ibaki. Mkuu hakuwa mtu mbaya. "Namba yenyewe inarudishwa kwa kampuni ya simu," akasema. "Niwaambie tunaitaka kwa kazi gani?" Laini akaaga. Siri ya mama haikuwa yake kuitembeza maofisini. Akatoka mikono mitupu.

Ijumaa jioni alizima modemu kumi na tano, akaacha moja. Saa kumi na mbili kamili simu ikaingia. Modemu ikapokea, ikalia weee, ikamtafuta mwenzake, ikamkosa, ikakata. Laini akanyoosha mkono kuizima. Mara ikaita tena, jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya hata siku moja. Laini akashindwa kuvumilia. Akauchomoa waya kabla modemu haijapokea, akauchomeka kwenye simu ya mezani, akainua mkono wa simu.

"Mama."

"Ndiyo imekwisha, baba?"

"Imekwisha, mama."

Akamsikia analia, kilio cha mtu anayejikaza asisikike. Jamani, huyu ni mwanaume ambaye msibani hukaa karibu na mlango kwa kuogopa kuambiwa aseme neno. Sasa akafanya kitu ambacho mpaka leo hajamwambia mkewe. Alichungulia nje kama kuna mtu. Kisha akasogeza mdomo kwenye simu, akalia kama modemu.

"Tiiiii. Ti-dong, ti-dong. Krrrr, shaaaaa."

Upande wa pili kilio kikakatika. Laini masikio yakamwaka moto. Mungu wangu, nimemdhihaki mama wa watu na msiba wake! Alikuwa anatafuta namna ya kuomba radhi pale mama alipoangua kicheko, kicheko cha kweli, machozi humo humo.

"Umekosea," akasema alipopata pumzi.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Ikifika krrrr, mwalimu alikuwa anakohoa. Kila siku. Kikohozi kidogo tu, kama anataka kusema kitu halafu anaghairi." Akapenga kamasi. "Rudia, baba."

Laini akajipangusa jasho. Akarudia toka mwanzo, bila haraka, na alipofika pale akakohoa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Simu hakuikata, na Laini naye hakuikata.