Nilimwambia Sauti ya Mumewe Iko Nairobi

Admin, hii uichapishe, lakini jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, naishi karibu na Kaplong, nina watoto wanne na wajukuu wawili. Kanisani wananiita mama mwaminifu. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini hilo jina linanichoma.

Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakaja kuchuma majani chai kwa estate, na mimi nikakulia huku. Miaka ya tisini nilipata kazi kwa duka kubwa la vitu vya umeme Kericho mjini. Lilikuwa na vioo vikubwa mbele, televisheni zimepangwa, watu wanasimama nje kuangalia tu. Nikavaa ile sare ya bluu nikaona nimefika.

Mwaka mmoja mvua ya mawe ilipasua paa la stoo. Redio kaseti nyingi zikalowa. Meneja akatuambia tuzianike nyuma ya duka, tuzipanguse, tuzirudishe kwa maboksi yake. Tulipozijaribu, redio ilishika na kaseti ikacheza, lakini kurekodi zilikataa kabisa. Meneja akasema, "Watu wanataka nyimbo na habari. Nani anarekodi? Uzeni."

Tukauza.

Siku moja akaingia mama mmoja kutoka Mogogosiek, ana mimba kubwa, viatu vimejaa matope mekundu. Alinisalimia "Chamgei" kwa heshima kama vile mimi ndiye mkubwa. Akaniambia mume wake amelazwa na uvimbe kooni. Daktari amesema watampasua, na hata akipona hataongea tena. Kwa hivyo kabla ya operesheni mzee anataka kuongea na watoto wake wote, hata huyu wa tumboni.

"Msichana wangu," akasema, "hii inarekodi vizuri?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ananiangalia. Nikasema, "Inarekodi, Mama."

"Hebu nijaribie nisikie."

Nikachukua kaseti ya kwaya, nikaweka, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Duka lote likasikia. Yule mama akacheka, akapiga makofi. Hakujua kwamba kucheza si kurekodi. Nikamfungia boksi kwa kamba, na nikampa kaseti tupu moja kama zawadi. Zawadi! Mpaka leo sijui ile roho niliitoa wapi.

Alirudi baada ya wiki tatu, amevaa nguo nyeusi. Redio ameibeba mgongoni. Alimpita meneja akaja kwangu moja kwa moja, akaweka ile kaseti mkononi mwangu.

"Mzee alitoka kwa operesheni akakaa siku mbili, akaenda," akasema. "Aliongea mchana mzima, msichana wangu. Kila mtoto kwa jina lake. Mimi ndiye nilishikilia kitufe. Lakini nikicheza, hasikiki. Nilikosea wapi?"

Meneja akaonyesha kidole kwa ukuta, pale palipoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akasema, "Huyu mama alifinya vibaya." Yule mama akainamisha kichwa. Alikubali! Aliamini ni vidole vyake vilivyopoteza maneno ya mume wake.

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Badala yake nikamwonea huruma ya uongo. Nikamwambia, "Hukukosea, Mama. Sauti imeingia, lakini iko chini sana. Tutaipeleka Nairobi, kuna fundi ana mashine ya kuitoa." Uso wake ukafunguka, akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa Kikipsigis.

Niliisikiliza ile kaseti chumbani kwangu, upande wa kwanza na wa pili, sikio nimelibandika kwa spika. Hakuna kitu. Ni shhh tu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini nilijua ndani ya hiyo shhh mtu alikuwa anaaga watoto wake.

Yule mama akawa anakuja kila siku ya soko, baadaye na mtoto mgongoni. "Fundi amesema nini?" Nami nasema bado. Nilipoolewa niliacha kazi bila kumuaga. Kaseti ilibaki kwa droo ya kaunta, na duka lenyewe lilifungwa zamani.

Mwaka huu, kwa mazishi huko Konoin, mkono wa mtu mzee ukanishika bega. "Wewe ni yule msichana wa duka." Nikageuka, ni yule mama wa Mogogosiek. Amezeeka, ni Kogo sasa, bibi wa wajukuu, lakini macho ni yale yale. Hakunilaumu. Akamvuta mwanamke wa miaka kama thelathini, akasema, "Huyu ndiye alikuwa tumboni. Nimemwambia maisha yake yote kwamba sauti ya baba yake iko Nairobi."

Na mimi, mbele ya jeneza la watu, nikasema nitamtafuta yule fundi. Nimedanganya tena.

Huyo msichana amenipigia simu mara nne. Ameomba ruhusa kazini aende Nairobi, na Alhamisi anakuja kwangu kuchukua jina la fundi. Jana alisema, "Auntie, sihitaji yote. Hata akisema neno moja tu." Nilikata simu nikakaa chini jikoni. Tangu hapo nikinyamaza kidogo nasikia ile shhh, hata ndani ya kanisa.

Nikisema ukweli, nitamzika baba yake mara ya pili, na yule Kogo atajua alingoja bure miaka yote hii. Nikinyamaza, msichana atazunguka Nairobi akitafuta mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Wenzangu, Alhamisi akibisha mlango wangu, nimwambie nini?