Baiskeli ya Mtu Mmoja

Mume wangu anachomelea vyuma, mimi nafanya yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo kazi yenyewe. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja, hasa yeye akiwa anasikia. Karakana yetu iko Bwaise, hapa Kampala, nyuma ya barabara ya Bombo. Mvua ikinyesha kidogo tu maji yanaingia bila kubisha hodi, kwa hiyo injini zetu huning'inia darini kama nyama buchani.

Tunaunda baiskeli zenye injini, lakini si zile za kufunga mota kwenye fremu yoyote halafu ukamwachia Mungu. Zetu zinafanana na mashine za mbio za zamani sana, ambazo wazungu walishindana nazo katika viwanja vya duara vilivyojengwa kwa mbao tupu. Fremu ni ndefu na ya chini, tangi jembamba linakaa katikati ya vyuma viwili, na usukani umeinama mpaka mwendeshaji analala kifudifudi. Hakuna madigadi, hakuna keria. Mteja mmoja wa Kyambogo ndiye aliyetuletea picha ya kwanza, akatuomba tumtengenezee kama ile, na tangu siku hiyo hatujapumzika. Ngozi ya viti naipata soko la Owino, kwenye mikoba ya mitumba iliyokatika mikanda.

Mashine za wale wazungu hazikuwa na breki. Nilipomweleza mume wangu jambo hilo, yeye ambaye ni Mkongo wa Bukavu, mtoto wa milimani, alicheka mpaka akakaa chini. "Bale bazungu balikuwa bamechoka maisha," alisema. Sisi tunaweka breki. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Kampala kuna vilima.

Baiskeli sikujifunzia Kampala. Nimezaliwa Busia, upande wa Kenya, na baba yangu alibeba watu kwa baiskeli mpakani tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa na ile baiskeli nyeusi nzito tunayoiita blakmamba, na nyuma yake keria yenye kiti cha sponji. Kabla ya kukanyaga aligeuza shingo akamuuliza abiria, "Umekaa?" Hakuondoka mpaka ajibiwe. Wengi waliguna tu. Siku moja ya soko alimpakia msichana aliyekaa upande, leso ameibana magotini, na alipoulizwa alijibu, "Nimekaa, twende," kana kwamba baiskeli ni yake. Huyo ndiye mama yangu. Baadaye alimshonea baba kiti kipya cha keria, chekundu, chenye nyuzi za kuning'inia pembeni, na kila Jumapili walikwenda kanisani hivyo hivyo. Umekaa? Nimekaa, twende. Sisi watoto tulikimbia nyuma tukiwaigiza.

Mama alipofariki, baba aliitundika baiskeli ukutani. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Busia, akaniambia mzee amekuwa mtu wa kukaa. Ukimpa chakula anaonja, anashukuru, anarudisha sahani. Ukimsalimia anaitikia, basi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, hilo tulilijua, lakini magoti hayamzuii mtu kuongea. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba tutamzika akiwa hana ugonjwa wowote.

Nikamwambia kaka amlete Kampala, na baiskeli yake aiweke juu ya basi. Kwetu baba halali chini ya paa la mkwewe, mila haitaki, kwa hiyo tulimtandikia kitanda karakanani, kwenye kichumba cha vipuri. Alikipenda. Alikaa mlangoni akitutazama tukifanya kazi, kimya, mikono juu ya magoti. Mume wangu alimpelekea chai kila asubuhi, akapokea naye "asante, mkwe" moja, ikamtosha siku nzima.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Magoti hayakanyagi tena? Basi injini itakanyaga. Nilimweleza baba kwamba tutaigeuza blakmamba yake iwe mashine ya mbio, nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Alisema, "Fanyeni, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nilichukua lile "fanyeni" nikakimbia nalo.

Mume wangu alirefusha fremu. Mimi nilinyoosha spoki moja moja, nikalipiga tangi msasa mpaka likawa laini kama yai, nikalipaka rangi ya damu ya mzee na mstari wa dhahabu. Ilipofika zamu ya keria, mume wangu alisimama na msumeno mkononi, akasita.

"Tuulize mzee kwanza," alisema.

"Tuulize nini? Umewahi kuona mashine ya mbio yenye keria?"

"Sijaona. Lakini hii ni ya mzee."

"Baiskeli ya mbio ni ya mtu mmoja," nilimwambia, na sauti yangu mimi huwa haina breki. Akaikata, akaitupa kwenye lundo la vyuma chakavu.

Siku ya kuijaribu, nusu ya mtaa ilikuja. Mwendesha bodaboda mmoja aliizunguka, akainama, akanyanyuka. "Nnyabo, hii kitu iko na blake?" Nilimwonyesha breki. "Banange," alishangaa, akasogea nyuma hatua moja hata hivyo.

Mume wangu aliiwasha, akaishikilia ikinguruma. Baba alitoka mlangoni amevaa koti lake la kanisani. Alipopanda alipitisha mguu kwa mbele, juu ya chuma, goti likagonga tangi. Watu wakacheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua: mtu ambaye maisha yake yote nyuma yake kuna kiti cha abiria hajifunzi kurusha mguu kwa nyuma. Alijipanga vizuri, akashika usukani. Kisha akageuza shingo, akauliza, "Umekaa?"

Nyuma hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na mahali pa mtu.

Watu walitazamana, wengine wakidhani anawauliza wao. Baba alibaki amegeuza shingo vile vile, akisubiri, kama alivyozoea kusubiri. Injini ilikuwa ikiunguruma. Halafu akaizima, akashuka polepole, akalipapasa tangi. "Mashine ni nzuri, mama," alisema, ingawa haikuwa imesogea hata hatua moja, akaingia kichumbani kwake.

Mimi nikitaka kulia, nagomba. Niliwafukuza watu, nikatupa spana, nikamfuata baba ndani nikiwa nimeshatunga maneno: tumehangaika, macho yangu yameharibika kwa msasa, na yeye hata kuzunguka mtaa mara moja hataki. Nilimkuta ameketi kitandani. Mahali pa mto palikuwa na kitu chekundu, kimepauka, kina nyuzi pembeni. Ile keria, pamoja na kiti chake alichokishona mama. Alikuwa ameiokota kwenye lundo la vyuma, na tangu hapo alikuwa akiilalia.



"Sijui kuendesha peke yangu, mama," alisema, bila kulaumu, kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma. "Sijawahi. Mgongo unasikia baridi."

Nilikaa pembeni yake. Tulilia wote wawili, mimi kwa sauti, yeye kwa desturi yake ya kujifuta kwa kofia. Kisha nikaichukua ile keria, nikatoka nayo, nikampa mume wangu. Hakuniambia "nilikuambia." Alishusha miwani ya kuchomelea, akaanza kazi. Kwa hilo tu ningeolewa naye tena.

Alipomaliza, mashine ile ilikuwa kituko. Mbele mbio za wazungu, nyuma soko la Busia. Mteja wetu wa Kyambogo angeiona angeomba maji ya kunywa. Nilimwambia mume wangu akae nyuma, mzee ajaribu tena. Baba akatikisa kichwa. Akaninyooshea kidole mimi.

"Panda."

Mimi ni mwanamke mzima, na mwili wangu si wa kufichika. Nilikuwa ndani ya ovaroli yenye grisi. Nilitaka kupanda kiume, mguu huku na mguu kule, lakini nilipokiona kile kiti chekundu niliona haya. Niliingia ndani, nikatafuta leso, nikajifunga juu ya ovaroli, nikakaa upande. Nyuzi za mama zilinigusa viganja.

Baba akageuza shingo. "Umekaa?"

"Nimekaa," nilisema. Lile "twende" nililiacha. Lilikuwa la mama mwenyewe.

Alikanyaga mara mbili, magoti yakalia, akaachia klachi, injini ikashika, tukatoka. Mume wangu alikimbia kando yetu mpaka pumzi ikamwishia. Tulishika barabara ya Bombo kuelekea Kawempe, na baba yangu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa mtu wa "asante" na "ndiyo," akaanza kuongea. Aliisema barabara. Akayasema mashimo, na malori, na vijana wa bodaboda wasiojua kupisha, na usukani uliomlaza kifudifudi kama mgonjwa wa hospitali, nani aliubuni. Alisema mama angeukataa usukani ule siku ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza anamtaja tangu tumzike.

"Mama," akaita kwa juu ya bega, "leo mnapika nini? Mimi nasikia njaa."

Sikuweza kujibu. Nilikuwa nimeuweka uso kwenye koti lake. Baiskeli ikapunguza mwendo. Nadhani aliogopa nimeanguka. Mgongo wake ukajikunja, shingo ikageuka.

"Umekaa?"

"Nimekaa, baba," nilisema. "Nimekaa. Twende."