Miaka Hamsini ya Ndoa ya Martina

Parokia ya Lukwele, juu kwenye milima ya Uluguru, ilikuwa ikijiandaa kutimiza miaka mia na ishirini na tano. Martina alikuwa amekaa na akina mama wenzake nyuma ya jiko la parokia akimenya ndizi, katekista Castory alipomfuata na habari.

"Mama Patrick, wewe na mzee Gabrieli mmechaguliwa. Ndoa iliyofungwa hapa hapa ikafika miaka hamsini ni yenu tu. Jumapili mtasimama mbele ya askofu."

"Hamsini ya nani?" Martina aliuliza.

Castory alicheka kidogo. "Mama, Mungu hahesabu safari."

Safari hiyo kila mtu Lukwele aliijua. Gabrieli aliaga kwamba anakwenda Kisaki kufanya kibarua kwenye reli, msimu mmoja tu. Patrick, mtoto wao wa pekee, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Huko Kisaki Gabrieli akaanza kuishi na mwanamke aitwaye Maimuna, akazaa naye, na Lukwele hakuonekana tena kwa zaidi ya miaka ishirini.

Martina alilima. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake, kama desturi ya Waluguru ilivyo, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Alipanda kabichi na maharage kwenye matuta, akateremka na tenga kichwani mpaka sokoni Morogoro. Patrick alipokuwa darasa la sita, homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Mtu alitumwa Kisaki kumwita baba yake. Mtu huyo alirudi peke yake. Kaburi lilichimbwa na wajomba.

Baadaye akaja Abdi, fundi mwashi kutoka Gairo, kujenga zahanati. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwona Martina akipandisha maji kutoka mtoni, siku ya pili akabeba ndoo yeye. Miezi ikapita hivyo, mpaka alipomwambia kwamba anataka kumwoa. Martina akaenda kwa padri wa wakati ule.

"Una mume," padri alimwambia. "Ukienda kwa mwingine, usikaribie altare. Vumilia, mwanangu. Msalaba wako ndio taji lako."

Martina akavumilia. Zahanati ikaisha, Abdi akazidi kukaa mpaka mavuno, labda atasikia neno jingine kwa Martina. Kisha akafunga vifaa vyake akarudi kwao.

Gabrieli alirejea mvi zikiwa zimeshamjaa Martina kichwani. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mmoja, na Maimuna alikuwa amempandisha basi. Martina alimpokea. Wakati ule majirani wote walikuwa wamesimama njiani wakimtazama.

Jumapili ya sherehe kanisa la mawe lilijaa hadi uani. Waumini walikuwa wamevaa vitenge vyenye picha ya kanisa, na chini ya maturubai walikaa Waislamu wa kijiji, ambao walikuwa wamechangia ng'ombe. Baada ya komunyo, paroko, Padri Victor, kijana mchangamfu, aliwaita wazee wawili mbele. Gabrieli alikalishwa kwenye kiti chenye maua.

"Vijana mnaoachana kwa ugomvi wa simu, waoneni hawa!" Padri Victor alisema. "Miaka hamsini bega kwa bega!"

Vigelegele vikapigwa. Gabrieli akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mkono ulio mzima.

"Siri ni uvumilivu," alisema. "Huyu mke wangu ana hasira. Lakini nimemvumilia."

Watu wakacheka. Askofu naye akacheka. Martina akanyoosha mkono, akakichukua kile kipaza sauti.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," kanisa zima likaitikia.

"Gabrieli, siku tunamzika Patrick, ulikuwa bega kwa bega na nani?"

Martina akawageukia watu.

"Kulikuwa na mtu aliyenipenda. Humu humu niliambiwa nimwache, nitapata taji. Ndilo hili? Mimi silitaki."

Padri Victor akawapungia mkono wanakwaya. Kinanda kikalia, na Castory akamnyang'anya Martina kipaza sauti taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

Jikoni, Filomena, mwenyekiti wa akina mama, alimngoja mlangoni.

"Miaka yote hiyo ya kusema, Martina, ukachagua leo? Mbele ya wageni?"

"Wewe ulikuwepo. Ulinishikilia nisiangukie kaburini."

"Nilikuwepo," Filomena alisema, akiangalia pembeni. "Lakini leo ilikuwa siku ya parokia."

Martina hakugusa pilau. Alipanda mlima kwa miguu. Gabrieli aliletwa nyuma yake kwa bodaboda.

"Umenivua nguo mbele za watu," Gabrieli alisema.

"Inua mguu," Martina alimjibu, akavuta beseni na kuanza kumwosha.

Padri Victor alikuja siku chache baadaye kumtaka aombe radhi kanisani. Martina alikataa. Misani aliendelea kwenda, ila benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote mbili. Wageni walipanda kumjulia hali Gabrieli, wakimletea sukari, naye aliwaambia kwamba mkewe kazeeka, akili zimeanza kumtoka. Walimpa pole kwa mzigo huo. Martina aliwachemshia chai, akawamiminia, akatoka nje kuanua maharage.