Arobaini Walioingia

Shemeji yangu, mke wa kaka, anahudumia wazee majumbani kwao, na shifti anazipata kwenye simu. Ejensi huzifungua Jumatatu saa sita mchana. Anayewahi kuingia anachukua, anayechelewa anabaki kutazama picha ya bibi anayetabasamu kwenye ukurasa wao. Wiki mbili mfululizo seva ilimtupa nje kabla hajabonyeza kitu. Wiki ya tatu bila shifti, jina linafutwa. Ndio utaratibu wao.

Kompyuta za ejensi nilikuwa nazitunza mimi, siku mbili kwa wiki. Seva yenyewe tulikuwa tunachangia na kampuni nyingine, kwa hiyo nikamwambia meneja tuipime, tujue inabeba watu wangapi kwa mpigo. Ikishindwa, tuhamie kubwa zaidi. Akataja wataalamu wa kupima. Nikamjibu kwa sauti ile ninayotumia soko la Walthamstow, huku ughaibuni, bei ya bamia ikizidi: "Wa nini hao, bosi? Nitakuletea watu wazima arobaini na simu zao, kwa chai na mandazi tu." Yeye alianzia mandazi arobaini, mimi mia moja. Tukafunga themanini. Nikajiona mjanja.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika kwenye ukumbi wa kanisa: Wakenya, Wakongo na sisi Watanzania, wote wahudumu wa ejensi hiyo hiyo. Niliwahesabu mlangoni, arobaini. Nikawahesabu wakiwa wamekaa, arobaini.

"Nikisema twende, wote mnaingia."

"Na mandazi yanaingia lini?" aliuliza mama mmoja wa Kikongo. Watu wakacheka. Sikuona haja ya kuongeza maelezo.

Twende! Kwenye laptopu yangu namba ya walioingia ikapanda: kumi, ishirini na tano, arobaini. Niliisoma mara mbili. Hakuna aliyekwama. Nikamfungia shemeji mandazi manne, nikamtumia meneja ripoti: inabeba arobaini. Akajibu kwamba basi hakuna haja ya kuhama.

Jumatatu nilikaa jikoni kwa shemeji, laptopu mbele yangu, simu yake mkononi mwake. Saa sita kamili wakaingia watu kumi na wanne, seva ikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Mbona haifunguki?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini, shemeji? Si inabeba arobaini?"

Nikampigia yule mama wa Kikongo. Alikuwa ndani tayari, anachagua.

"Mama, jana ulikaa ndani muda gani?"

"Jana? Niliingia, nikatoka palepale. Watu walikuwa wengi, baba! Utakaaje ndani na wenzako wako mlangoni? Hata wa meza yangu niliwaambia, ukishaona ndani, toka, pisha mwingine."

Basi walikuwa wamepishana, kama wageni wanaopeana kiti kimoja msibani. Arobaini waliingia, kweli, ila sijui kama kuna dakika walizidi kumi humo ndani. Nami nilihesabu mara mbili kitu kisichohusika.

"Basi na leo toka, mama. Dakika moja tu, shemeji yangu apite."

Nilimsikia akiendelea kubonyeza.

"Baba," akasema taratibu, "leo ni shifti."

Mimi ninayepunguziwa bei hata na wasionijua, nikakata simu. Ningekuwa yeye, nisingetoka. Nikamwandikia meneja kwamba ripoti yangu ina kosa, tafadhali asiufute bado mpango wa kuhama. Akajibu upesi: lakini ulisema arobaini.

Saa sita na dakika ishirini kiduara kikaacha kuzunguka. Bibi wa kwenye picha akatokea anatabasamu, na chini yake: hakuna shifti zilizobaki.

Shemeji hakunilaumu. Aliilaza simu kifudifudi, akanisogezea sahani ya mandazi ya jana. Hakuwa ameonja hata moja. Niliyahesabu, manne. Nikayahesabu tena, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyokuwa imenibakia mle jikoni.