Wivu Wangu kwa Basi la Njano

Nilikulia Mbalizi, kando ya barabara iendayo Zambia, na nilipoajiriwa ualimu nikapangiwa shule iliyo kando ya barabara hiyo hiyo, upande wa Nyololo. Shule yetu ya msingi iko upande mmoja wa lami, na nyumba nyingi za wazazi, yangu ikiwemo, ziko upande wa pili. Kwa hiyo kila asubuhi lazima mwalimu atangulie barabarani kuvusha watoto. Nilichukua kazi hiyo karibu siku zote, maana binti yangu wa darasa la kwanza alikuwa miongoni mwa wanaovuka, na sikupenda kumwachia mtu mwingine.

Kuvusha watoto kwa mkono mtupu ni kazi ya kubembeleza. Unasimama ukingoni, unainua mkono, unamtafuta dereva machoni. Lori lenye kontena likiwa limeshika mteremko halipendi kusimama, na dereva wake hukupigia honi tangu mbali kukuambia usijisumbue. Unashusha mkono, unangoja linalofuata. Nyuma yako watoto wamekunja ngumi ndani ya mikono ya masweta, pua zinawatiririka kwa baridi ya Mufindi, na wale wachangamfu wanakutangazia habari unayoijua.

"Madamu, na huyo kapita!"

"Nimemwona."

"Madamu, hata hajatuangalia!"

Halafu ukaja mwaka ambao shule moja ya Inglishi midiamu ilianza kufuata wanafunzi hadi kwetu. Basi lao la njano lilisimama upande wa shule yetu, likielekea Mafinga. Taa zilianza kumweka, kuwaka na kuzima, mbele na nyuma, mlango ukafunguka, akashuka matroni, binti mdogo aliyevaa kizibao cha kung'aa, akaja upande wetu kuchukua watoto wake wachache. Na malori yakasimama. Ya kutoka Mbeya yakajipanga nyuma ya basi, ya kwenda Mbeya yakajipanga mbele yake. Watoto wale wakavuka taratibu, mmoja akiburuza begi la magurudumu, wala hakuna aliyepiga honi.

Mimi na watoto wangu tulikuwa hatua chache kutoka pale. Tukatazama. Walipomaliza, taa zikazimwa, malori yakanguruma, nami nikainua mkono wangu. Hakuna aliyesimama.

"Mama," binti yangu akasema, akisahau kwamba barabarani huniita madamu kama wenzake, "yule anti magari yanamsikiliza."

Maneno hayo nilikaa nayo wiki nzima. Nilimwonea wivu yule binti kwa kila kitu: kizibao chake, mwendo wake usio na haraka, hata usingizi ambao bila shaka aliupata vizuri kuliko mimi. Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka lori lisimame kwa ajili ya watoto wangu kama lilivyosimama kwa ajili ya wale.

Mwalimu mwenzangu alinishauri mapema. "Si uvushe wakati basi limesimama? Taa hazina ada."

"Wanangu hawatavuka kwa taa za kuazima," nikamjibu. Akacheka, akasema nimeanza kuzeeka vibaya.

Wewe unayeendesha gari, ngoja nikueleze kwa utulivu, na usione haya kama hukufundishwa. Basi la shule likisimama huku taa zake zinamweka, simama, uwe nyuma yake au unakuja mbele yake. Usiseme njia ni nyeupe. Mtoto anayepita mbele ya basi humwoni, naye hakuoni, maana lile basi limewafunika nyote wawili. Subiri mpaka watoto wote wametoka kwenye lami na taa zimezimwa. Ni jambo dogo, utalizoea.

Kuna kitu kingine, na hiki ni cha barabara yetu. Madereva wa malori huongea kwa taa. Aliye mbele akikuwashia indiketa ya kulia, anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia pita, mbele kweupe. Unapita, unampigia honi fupi ya asante. Watoto wa huku wanaijua lugha hiyo kabla hawajajua kusoma.

Ukungu wa mwezi wa saba ulipokuja, basi la njano likapata dereva mpya, mzee mpole aliyetoka kuendesha mjini Dar es Salaam. Alifanya alivyozoea: akawasha indiketa ya kushoto, akaegesha, akaiacha inawaka. Taa za kumweka alikuwa bado hajaziwasha. Matroni naye alikwishashuka, akawashika mikono watoto wawili upande wetu, akaanza kuvuka.

Fuso la viazi likatokea ukunguni nyuma ya basi. Likaiona indiketa ya kushoto inawaka. Likapita bila kupunguza mwendo, likapiga honi fupi ya asante.

Matroni aliwavuta watoto kwa nguvu hadi mmoja akaanguka chali kwenye majani. Hakuumia. Wivu huwahi kuliko akili, na kabla moyo wangu haujatulia wazo lilikuwa limeshapita: leo na wao wamepitwa. Nikamwinua yule mtoto, nikamkung'uta sweta. Alikuwa anatetemeka kama wangu.

"Umeona madamu?" matroni akasema. "Karibu atuue, halafu anatutukana kwa honi!"

"Hajakutukana, mdogo wangu. Ameshukuru."

"Ameshukuru nini?"

Nikamshika mkono, tukavuka na wale watoto wawili hadi dirishani kwa dereva. "Kamwene, baba," nikamsalimia.

"Kamwene, mwalimu." Mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani.

Nikamweleza habari za kushoto na kulia. Nikamwambia awashe zile taa za kumweka tangu mbali, kabla hajaegesha, na mlango usifunguke mpaka wa nyuma na wa mbele wote wamesimama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe nilikuwa nawakaribisha," akasema polepole. Kisha akawatazama watoto wangu waliobaki ng'ambo, kundi zima. "Na hao nani anawavusha?"

"Mimi."

"Kwa nini wasipite hapa mbele yangu, wote pamoja? Mimi nitangoja."

Nilitafuta jibu la kukataa. Nikamtazama binti yangu pale ng'ambo, kofia imemshuka hadi machoni, nikasema, "Asante, baba."

Tangu siku hiyo tulivuka na basi. Malori yalisimama, watoto wangu walipita katikati wakiwapungia matanboi, wasaidizi wa madereva, na binti yangu alichagua mkono wa matroni. Kila asubuhi nilifurahi, na kila asubuhi kitu kilinichoma.

Ile shule ya Inglishi midiamu ikafunga kwa likizo kabla yetu. Asubuhi ya kwanza bila basi nilisimama ukingoni, ukungu mzito, nikainua mkono. Lori kubwa la kwenda Mbeya likapunguza mwendo, likapunguza tena, likawasha taa zote za pembeni na kusimama kabisa. La upande wa pili likafuata. Watoto wakavuka kimya, kana kwamba wakiongea malori yatabadili mawazo. Nilikuwa nyuma yao, tanboi alipochungulia dirishani.

"Madamu! Basi la njano leo liko wapi?"

"Limefunga shule," nikamjibu. "Sisi tupo."