Sindano ya Mkanda wa Jeshi

Mimi nimechoka, nasema mapema mtu asinilaumu. Asubuhi vidonge vya presha, jioni vidonge vya magoti, na katikati namuuguza dadangu mkubwa. Tunaishi hapa Likoni, wajane sote wawili, katika nyumba aliyotuachia mama. Basi binti yangu alipokuja kutoka Port Reitz na habari za sindano nyingine, nilimwambia, "Hebu niache, mwanangu. Mwili huu ushatobolewa vya kutosha."

"Hii ni ya kukinga mkanda wa jeshi, mama. Daktari anasema umri wako ndio wenyewe. Ukishaugua tetekuwanga utotoni, ule ugonjwa hauondoki, umelala tu ndani."

Nikamtazama dada. Kwake uliamka miaka kadhaa nyuma, malengelenge yakamtambaa kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kulia. Hapa kwetu husemwa mkanda ukizunguka ncha zikakutana, umekufa. Si kweli, lakini nenda kamwambie mtu aliyelisikia kwa bibi yake. Baya zaidi ni jingine: mjane akionekana nao, watu hunong'ona kuwa ana ule ugonjwa wa kukondesha. Dada hakuwa nao, wallahi. Lakini aliogopa midomo. Akajifunga leso juu ya malengelenge, akaenda maulidini, akaenda harusini, huku anacheka na watu. Alipokubali kwenda hospitali yalikuwa yashapasuka.

Ngozi ilipona, maumivu yakabaki. Mpaka leo nguo ikimgusa ubavu huo analia, na mkono wa kulia haupandi. Feni hataki, anasema inamchapa. Kwa hiyo kila alasiri nakaa kitandani kwake na kipepeo cha ukindu, nampepea taratibu mpaka usingizi umchukue. Nampenda dadangu, lakini nimechoka.

"Mama, mficha maradhi..." binti akaanza.

"Usinimalizie methali. Mimi ndiye niliyekufunza."

Akaenda zake kanuna. Nami nilijua nilichokuwa nakificha. Uchovu ulikuwa kweli, lakini nilikuwa pia naona haya. Jirani akisikia nimekwenda kuchanjwa mkanda wa jeshi, atauliza nimeshuku nini. Kha! Mvi kichwa kizima, na bado naogopa jirani.

Alasiri ile nikimpepea, dada akasema macho kayafumba, "Nenda ukachanjwe."

"Waogopa utakosa mtumishi?" nikamtania.

Hakucheka. "Mimi nilijificha kwa ajili ya watu. Watu wenyewe wako wapi? Nani katika wao amekuja kushika hicho kipepeo?"

Nikazidi kumpepea.

"Na ukiugua wewe," akasema, "mimi sina mkono wa kukuuguza. Nitakaa hapa nikikusikia ukilia. Hilo sitaliweza, nduyangu."

Nilimpigia binti simu kabla ya magharibi. Nikamwambia aje anichukue, na asinicheke.

Sindano yenyewe haipatikani kila mahali, ilibidi tuvuke feri hadi zahanati moja kisiwani. Muuguzi akaniamkia shikamoo, akauliza dawa ninazotumia, akanieleza kuwa haimkingi kila mtu, ila inapunguza sana hatari, na kwamba lazima nirudi kwa ya pili. Nilimwuliza kama itaniuma. Akasema, "Itauma, bibi, lakini si kama ugonjwa wenyewe." Nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye.

Ikaniuma kweli. Nilifika nyumbani bega linawaka, mwili wote umelegea kama wa homa. Dada akataka kujua kama kuna jirani aliyeniona. Nikamwambia nimewaona wawili, na sikuwajali. Uongo mtupu, niliwajali sana, lakini nilipita. Kisha nikajitupa kitandani hata buibui sijavua.

Nikasikia upepo usoni. Dada alikuwa amekaa kando yangu, kipepeo mkono wa kushoto. Hana mazoea nao, mara mbili akanipiga nacho pua.

"Dada, wacha, utaumia."

"Nyamaza wewe. Leo zamu yangu."

Nikamsikia pumzi zikimpanda, na kila akipunga dera linamkwaruza ubavu, anaguna, anaendelea. Nikajifanya nimelala, ili apumzike.